Kupiga lipu ya chokaa kwenye kuta kuukuu za Posta ya Zamani

Majengo kuukuu ya jirani na kituo cha Posta ya Zamani, Dar es Salaam, kama Boma la Kale lililojengwa 1866–67 enzi za Sultani Majid wa Zanzibar, yana kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu toka chini na kuutolea usoni. Ukizibwa kwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka, tena mara nyingi na vipande vya jiwe.

Jengo likiwa linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, anzia kwenye kibali. Kisha tafuta maji yanakotoka: gata iliyotoboka, bomba linalovuja, au njia iliyoinuliwa kwa lami hadi kuupita msingi. Hilo lisipotibiwa, lipu mpya nayo itadondoka.

Gonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Panapolia tupu, bandua kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine hupasua matumbawe. Unga mweupe wa chumvi ufagie mkavu. Ukiuosha unaurudisha ndani.

Changanya chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3. Chokaa ya mfuko iloweke walau saa 24. Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kubwa na ndogo; wa ufukweni una chumvi. Na ile "saruji kidogo tu ili iwahi kushika" ikatae, hata fundi akiapa.

Lowesha ukuta tangu jana yake. Mashimo makubwa yajaze vipande vya mawe na mchanganyiko huo wa chokaa, usiyazibe kwa lipu tupu. Tabaka la kwanza liwe milimita 10. Lichane mistari ili la pili lishike, lisubiri kama wiki, ndipo upige la pili la milimita 8. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na huhitaji unyevu: tundika magunia mabichi siku 5 hadi 7, na turubai upande wa jua. Nyufa nyembamba zikitokea, ama tabaka lilikuwa nene au lilikauka haraka.

Rangi ya plastiki huziba kama saruji. Paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono (tabaka) 5. Ikiwa mbichi huonekana kama maji tu. Weupe hutokea ikikauka.