Kabla hujanunua deki ya bei mbaya, geuza amplifaya yako

Hela za korosho zikiingia, huku Mtwara tunanunua vitu. Kama safari hii umelenga deki ya Blu-ray ya maana, kwanza vuta amplifaya yako, igeuze, piga picha mgongo wake kwa simu. Nenda dukani na picha hiyo.

Mimi sikufanya hivyo. Nilirudi Mikindani na deki mpya, nikakuta ina tundu la HDMI tu, wakati amplifaya yangu ya zamani inapokea zile nyaya nyekundu na nyeupe. Sauti ikabaki kwenye spika za tivii, kama redio iliyofunikwa kwa debe.

Tundu la optiko, lile linalotoa mwanga mwekundu, linasaidia, ila lina mpaka: linabeba Dolby Digital na DTS, aina za sauti ya sinema, zile za kawaida za 5.1 (spika tano na ya besi moja). Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ndugu zao wa ubora wa juu zaidi, hazipiti humo. Zikipelekwa zilivyo, zinataka HDMI, na amplifaya nayo iwe inazielewa. Ukikuta deki yenye HDMI mbili za kutolea, usiiache: moja inapeleka picha kwenye tivii ya 4K, nyingine sauti kwenye amplifaya yako ya HDMI ya zamani isiyopitisha 4K. Deki nyingine za bei kubwa zina matundu manane ya RCA, aina ileile ya nyaya nyekundu na nyeupe, kwa ajili ya 7.1 (spika saba na ya besi moja). Nazo zinafaa, mradi upande wa amplifaya kuwe na ya kupokelea.

Muuzaji akikwambia "itaingia tu bosi", mwambie achomeke hapohapo mkiwa mnasikiliza wote.