Simulia kisa cha mwenzako kabla ya kumjibu

Ukiitwa kusuluhisha wakulima na wafugaji, usianze na "nani kaanza?" Hapo utahesabiwa magunia na ng'ombe mpaka jua lizame. Na si ugomvi wa mchezo: kule Kilosa, Tanzania, Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika ugomvi kama huu.

Waketishe wawiliwawili, mkulima na mfugaji. Kila mmoja asimulie siku moja tu, si msimu mzima: aliamkaje, alikuta nini, maji aliyapata wapi. Mwenzake asimkatize. Kisha wabadilishane visa, kila mtu asimame asimulie cha mwenzake kwa "mimi". Mfugaji aseme: "Mimi niliamka saa kumi na moja, nikakuta mahindi yamelala chini, na ada ya mtoto ilikuwa humo humo." Akilitamka hilo kwa kinywa chake, sauti hushuka yenyewe. Mwenye kisa aruhusiwe kusahihisha. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanzia.

Chai itangulie, jamani, mwenye njaa hasikilizi. Mipaka na fidia vije baadaye. Na aliyefiwa juzi msimlazimishe kusimulia, akae tu asikilize.