Samaki wa Pasteli Baharini: Kazi ya Sanaa kwa Darasa la Pili hadi la Nne

Kazi hii inataka vipindi viwili. Ukiibana kwenye kimoja, watoto watapaka kwa haraka na hakuna kitakachotokea.

Kabla ya yote, hakikisha pasteli, yaani vile vijiti vya rangi, ni za mafuta. Zile kavu, zenye unga kama chaki, zikiguswa na maji zinageuka tope. Za mafuta zina nta, na nta ndiyo inayoyakataa maji. Andaa pia karatasi nene, rangi ya maji ya bluu, brashi pana, chumvi na vitambaa.

1. Kuchora. Kila mtoto achore samaki mmoja kwa pasteli moja kwa moja. Penseli mimi huzificha, maana nikizitoa wanafuta na kurudia mpaka karatasi inatoboka, na samaki anabaki mdogo kama punje. Waambie mdomo ukaribie ukingo huu, mkia ukaribie ule.

2. Kupaka. Anza na rangi iliyokolea kidogo, umalizie na iliyokolea zaidi: njano, chungwa, nyekundu. Mtoto akipitisha njano juu ya bluu, ncha ya njano hubeba ile bluu, na kila atakapogusa baadaye ataacha kijani kichafu. Ncha ikichafuka, aifute kwenye kitambaa. Tumbo liwe njano, mgongo chungwa, na pale zinapokutana apandishe kidogo rangi moja juu ya nyingine, kisha asugue kwa kidole mpaka mstari upotee. Zambarau juu ya njano huzaa kahawia. Si kosa, ila mtoto awe ameikusudia.

Muhimu kuliko yote ni kukandamiza. Akipapasa tu, vinabaki vitundu vyeupe ambamo maji yatapenya. Ainamishe karatasi kwenye mwanga: palipopakwa vizuri panang'aa.

Mwisho achore mapovu kwa pasteli nyeupe. Utasikia, "Mwalimu, hii haiandiki!" Mwambie aendelee, ataona kesho.

3. Kumwaga bahari. Zimua bluu mpaka iwe nyepesi. Mwaka wangu wa kwanza niliwapa rangi nzito ya mabango, ikafunika nta na samaki wote wakazama. Brashi ipite mara moja kutoka upande hadi upande, bila kusuguasugua. Maji yatajikunja matone juu ya samaki, na yale mapovu yatajitokeza meupe. Hapo darasa zima linapiga kelele, waache. Bluu ikiwa bado mbichi, nyunyiza chumvi kidogo: kila punje itanyonya rangi na kuacha doa kama nyota. Bluu ikikauka, pangusa chumvi.

4. Kuhifadhi. Kausha kazi zikiwa zimelala. Maji yatakauka, pasteli ya mafuta haikauki kabisa, kwa hiyo tenganisha kila kazi na nyingine kwa karatasi safi.

Na majina yaandikwe nyuma kabla ya hatua ya kwanza. Nilisahau siku moja, nikabaki na watoto sita wanaomgombea samaki mmoja, yule mzuri.