Kibuyu chirizi cha shule: kazi ya Jumamosi moja kwa vijana wa mtaa

Vijana sita wanaweza kusimamisha vibuyu chirizi vinne (madumu ya kunawia mikono yanayoinamishwa kwa kukanyaga fimbo) katika shule ya msingi kabla ya adhuhuri. Kujenga si kazi. Vingi hukauka kwa kuwa hakuna aliyepangiwa kujaza maji, kwa hiyo anzeni kwa mwalimu mkuu na mwalimu wa afya: darasa gani linajaza siku gani, na kiangazi, Juni hadi Septemba, maji yatatoka wapi? Jibu lisipopatikana, msichimbe hata shimo moja.

1. Dumu. Kigoma hakuna shida ya madumu ya lita 5 yaliyobeba mawese. Shida ni kuyaosha. Mawese huganda kwenye pembe za ndani na baadaye huziba tundu. Tia maji ya moto (yasichemke, dumu litajikunja), sabuni ya unga kijiko kimoja na konzi ya mchanga. Tikisa, mwaga, rudia mpaka utando wa rangi ya chungwa uishe. Dumu lililobeba petroli au dawa ya shambani usiliguse, hata lioshwe mara kumi.

2. Matundu. Pasha moto msumari wa inchi 2, toboa ubavuni chini ya mfuniko, upande usio na mshikio, sentimita 12 hivi kutoka mdomoni. Usiuzungushe msumari: tundu likipanuka, dumu huisha kabla ya mapumziko. Toboa kitundu kingine cha hewa juu, nyuma ya mshikio. Kikikosekana, maji hutoka kwa kukwama-kwama na watoto huanza kulitikisa dumu.

3. Nguzo. Mbili zenye panda, za mita 2. Kwa darasa la kwanza na la pili, mita 1.5. Chomeni ncha za chini mpaka ziwe nyeusi, mpake oili chafu, maana mchwa hawana huruma. Fukieni sentimita 50, zikiachana sentimita 70. Mti wa kulala upite kwenye mshikio wa dumu.

4. Kanyagio. Hapa ndipo wengi hukosea. Toboa mfuniko, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani, kisha ifunge kwenye fimbo ya mita 1 iliyolala chini. Ncha ya fimbo ining'inie sentimita 15 juu ya ardhi. Kamba ikiwa ndefu, fimbo hugonga chini dumu likiwa bado halijainama. Ikiwa fupi, dumu hubaki limeinama na kuchirizika mchana kutwa. Tumieni kamba ya nailoni. Ya katani hunywea ikilowa.

5. Chini. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 15, lijazwe kokoto. Bila hilo ni tope na mbu.

6. Sabuni. Kipande kikiachwa wazi, kunguru huondoka nacho. Kitieni kwenye kipande cha wavu mkuukuu wa dagaa (mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha samaki Kigoma, haukosi), kining'inizeni, na juu yake fungeni kopo kukinga mvua.

Jazeni maji mpaka usawa wa tundu, si zaidi. Yanatosha kunawisha watoto kama 30, basi shule ya watoto 600 isijidanganye kwa dumu moja. Wekeni karibu na mlango wa choo, mahali ambapo mtoto hawezi kupita bila kukiona.

Baada ya wiki sita rudini bila taarifa, saa ya mapumziko. Gusa kokoto. Zikiwa kavu, msishike nyundo. Muulizeni mwalimu wa afya zamu ilikatikia darasa gani.