SOMO: Kumpimia kila yuza idadi ya imeili kwenye Postfix (programu ya seva ya barua pepe), kabla seva haijachafuka jina

Wakuu habari za baridi, huku Mbeya ukungu tu tangu asubuhi. Juzi mhasibu wa ofisi moja hapa Mwanjelwa paswedi yake iliibiwa (ilikuwa jina lake na 123, sasa utamlaumu mwizi?), usiku kucha seva ikamwaga spamu, asubuhi nacheki `mailq` foleni inateremka kwenye skrini haiishi, na IP tayari iko blaklisti. Kuifuta foleni ni dakika, kusafisha jina la IP ni siku kadhaa za kubembeleza watu.

Kwanza msikimbilie `smtpd_client_message_rate_limit`. Ile inahesabu kwa IP, na ofisi nzima inatoka na IP moja ya rauta, kwa hiyo utawafungia watu ishirini kwa kosa la mmoja. Tunataka kuhesabu kwa jina la aliyelogini, na tuhesabu wapokeaji, sio barua, maana barua moja inaweza kubeba anwani hamsini. Hapo ndo postfwd inapoingia, programu ndogo ambayo Postfix inaiuliza kabla ya kukubali barua.

1. Kwenye Debian au Ubuntu: `apt install postfwd`. Halafu fungua /etc/default/postfwd hakikisha ni STARTUP=1, mimi hapo palinila nusu saa nashangaa mbona haiwaki.

2. Kwenye /etc/postfix/postfwd.cf andika kwa mstari mmoja:

`id=KIKOMO; sasl_username=~/./; protocol_state==END-OF-MESSAGE; action=rcpt(sasl_username/100/3600/450 4.7.1 Umefika kikomo subiri kidogo)`

Yaani kila aliyelogini (ndo hiyo sasl_username) wapokeaji 100 kwa sekunde 3600. Nimeweka 450 makusudi, ni kosa la muda, ukiweka 550 unamwambia mtu barua imekataliwa moja kwa moja.

3. Kwenye main.cf (faili kuu la mipangilio ya Postfix):

`smtpd_end_of_data_restrictions = check_policy_service inet:127.0.0.1:10040`

Ristati postfwd, kisha `postfix reload`. Jaribu kwanza na kikomo cha 3, jitumie barua nne ukiwa na `tail -f /var/log/mail.log` pembeni, ya nne ikigoma basi rudisha 100. Barua zinazoingia kutoka nje hazina sasl_username kwa hiyo hazihesabiwi, usiwe na hofu.

MASWALI

Mdau wa Njombe: Mkuu, sisi tuna dada wa mishahara, mwisho wa mwezi anatuma salari slipu kwa watu 300. Si atanipigia simu usiku?

Jibu: Atapiga kweli, Outlook itamganda kwenye Outbox. Juu ya ule mstari ongeza `id=MISHAHARA; sasl_username==uhasibu@example.com; action=rcpt(sasl_username/400/3600/450 4.7.1 Subiri)`, na chini yake mara moja `id=RUKA; sasl_username==uhasibu@example.com; action=DUNNO` (yaani mwache apite), la sivyo ule wa 100 nao utamhesabu na kumgomea. Usimwachie bure kabisa, akaunti ya uhasibu ndo wezi wanaitafuta.

Mdau wa Iringa, Kihesa: Nimefuata yote lakini bado spamu inatoka, na kwenye logi hakuna sasl_username hata moja.

Jibu: Hapo sio yuza mkuu, ni wavuti. Fomu ya PHP inatuma kupitia sendmail ya ndani, haipiti kwenye smtpd (mlango wa Postfix unaopokea barua kwa mtandao) kabisa, postfwd haiioni. Weka `authorized_submit_users = root` kwenye main.cf, halafu hiyo fomu ipe akaunti yake ilogini kama watu wengine. Na kama kuna plagini ya wavuti iliyotobolewa, iondoe leo hii.

Mdau wa Tukuyu: postfwd ikizima je?

Jibu: Postfix itajibu 451 kwa kila barua, hata zinazoingia, mpaka iwake. Kama una Postfix 3.0 kwenda juu unaweza kuweka `smtpd_policy_service_default_action = DUNNO` zipite bila kuhesabiwa. Mimi sijaweka, bora simu zilie nijue kuna kitu.