Krediti haipotei, huliwa: usifute ule ujumbe

Nina kibanda cha simu Kawangware, Nairobi, pale stendi ya matatu za 46, katikati ya muuza mayai na kinyozi. Nauza krediti ya mitandao yote, nabadilisha vioo, nachaji betri. Haipiti wiki kabla mtu hajasimama mbele ya dirisha langu na kusema: "Hii krediti uliyoniuzia ina mdudu." Mara nyingi mdudu mwenyewe ni huduma ya ujumbe wa kulipia: kila ujumbe wake ukiingia, krediti yakatwa.

Ijumaa moja alikuwa mzee mmoja, soja wa lango huko Lavington. Nikamwamkia shikamoo, maana sisi wa Kisauni tumelelewa hivyo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja kugombana. Jumatano jioni alikuwa amekwaruza kadi ya bob 50. Tangu hapo hakumpigia mtu. Sasa ataka kumpigia mkewe Kitui, akiangalia salio aona 20. Simu yenyewe ni mulika mwizi, haina hata intaneti, kwa hivyo huwezi kusema ameliwa na bando.

Nikamwomba niione sehemu ya ujumbe. Tupu kabisa. "Nimefuta zote, mwanangu, zanijazia simu."

Hapo ndipo kesi nyingi huharibikia. Ule ujumbe unaokuudhi ndio shahidi wako wa pekee. Juu yake, mahali pa jina la aliyetuma, huwa pana nambari fupi, mara nyingi ya tarakimu tano. Hiyo ndiyo nambari utakayoizima, na ndiyo utakayoulizwa na kila mtu utakayemlalamikia. Ukiwa nayo, maongezi ni ya dakika tatu. Ukiwa huna, utaambiwa "tutafuatilia" na mambo yataishia hapo.

Kwa kuwa hatukuwa na shahidi, tulilazimika kutega. Nilimwambia asiongeze krediti, zile bob 20 zilizobaki zatosha. Mtego wenyewe ni rahisi, na nimeshautumia kwa simu nyingi: angalia salio usiku kabla ya kulala (kwa Safaricom ni *144#), liandike kwenye karatasi pamoja na saa, kisha usipige, usitume, na kama simu ni ya kisasa uzime data. Asubuhi angalia tena. Salio likiwa lile lile, huna mdudu. Tatizo lako ni intaneti inayokula krediti baada ya bando kuisha, na hiyo ni hadithi nyingine. Likipungua, fungua ujumbe ulioingia usiku ule.

Jihadhari usishuku asiyehusika. Kuna wanaokuja wakilia wameibiwa kumbe waliokoa jahazi wiki iliyopita, yaani walikopa krediti kwa Safaricom. Deni lile hukatwa ukiweka krediti tu, na juu yake kuna ada ya asilimia 10. Wengine ni wimbo wa Skiza, ule anaousikia anayekupigia, waliojiwekea wenyewe siku ya harusi wakasahau, na huo unaondolewa kwa *811#. Maliza hayo mawili kwanza ndipo uanze kulaumu watu.

Mzee alirudi Jumamosi asubuhi akitoka zamu. Salio: 10. Ujumbe mpya: mbili, zote kutoka nambari moja. Mmoja dua ya asubuhi, mwingine matokeo ya mpira wa Uingereza. Mzee hajui hata timu moja ya Uingereza. Bob 5 kila ujumbe, na hesabu ikaanza kukaa sawa: nne kati ya Jumatano na Ijumaa ni bob 20. Lakini zilikuwa zimekwenda 30. Zile 10 nyingine je?

Nikamuuliza kama aliwahi kuwajibu. Akajivuta kidogo. Kumbe ndiyo, mara mbili. Aliwaandikia kwa adabu: "Tafadhali acheni kunitumia, mimi ni mzee, Mungu awabariki." Na kila jibu alilotuma kwenda nambari ile lilikatwa bob 5, kwa sababu kuandikia nambari ya kulipia ni kununua. Mashine haisomi adabu. Yatafuta neno moja tu.

Na alijiungaje? Hilo lilichukua muda, lakini likatoka. Mwezi uliopita uliingia ujumbe ukiuliza mji mkuu wa Kenya ni A) Nairobi au B) Kisumu, jibu ushinde. Mzee wa watu akajibu A. Nani asingejibu A? Jibu lile ndilo lililohesabiwa kuwa amekubali.

Basi kuzima ni hivi. Fungua ule ujumbe wenyewe, usianze mpya, ili nambari isikosewe. Bonyeza kujibu. Andika STOP, peke yake: bila nukta, bila salamu, bila "tafadhali". Kabla ya kutuma soma mwisho wa ujumbe, kwa maana baadhi wataka neno la huduma lifuate, kama vile STOP kisha DUA, na ukituma STOP tupu haizimi. Mzee alikuwa na huduma mbili kwenye nambari moja, kwa hivyo tulizima mara mbili. Angalia salio kabla na baada, andika. Ukipata jibu la kuthibitisha umeondolewa, hilo nalo usilifute.

Ujumbe ulio na jina badala ya nambari, wa duka, wa kamari, wa mikopo, kwa kawaida ni tangazo tu, haukati kitu, ila wachosha. Huwezi kuujibu. Kwa laini ya Safaricom piga *456*9*5# ufuate menyu ya kuzima matangazo. Nimewazimia kina mama mboga wengi kwa hiyo, na husema simu imepata usingizi.

Sasa, STOP isipofanya kazi, au ukitaka pesa zako, piga simu kwa wahudumu wa mtandao wako. Safaricom na Airtel ni 100 kwa laini za malipo ya kabla. Lazima ujue jambo moja kabla ya kupiga: ile dua haitumwi na mtandao. Kuna kampuni ya kutuma maudhui iliyopewa ile nambari fupi, mtandao unakata krediti yako, kisha wanagawana. Ndiyo maana mhudumu aweza kukwambia "hiyo si huduma yetu". Usibishane kuhusu ni ya nani. Sema tu: "Krediti imekatwa na ninyi, naomba mnizimie nambari fulani, na mnirudishie kiasi fulani, sikujiunga." Taja nambari, tarehe, saa, kiasi. Kisha omba nambari ya malalamiko na uiandike. Mtu asiyeomba nambari ya malalamiko ni kama hakupiga.

Mimi nilipiga kwa niaba ya mzee, simu ikiwa kwenye spika. Mhudumu wa kwanza alituambia tuzime simu na kuiwasha. Tukakata. Wa pili alisikiliza, akasoma orodha ya huduma zilizo kwenye laini, na hapo tukagundua ya tatu ambayo ilikuwa bado haijaanza kutuma. Kwa hivyo hata ukifaulu kwa STOP, uliza swali hili: "Kuna huduma nyingine yoyote iliyounganishwa na laini yangu?"

Wakikupuuza, kuna Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia mitandao ya simu, ofisi zake ziko Waiyaki Way, Westlands. Si lazima uende. Barua pepe ni chukuahatua@ca.go.ke. Lakini wao watauliza kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma, na hapo ndipo ile nambari ya malalamiko inapolipa. Barua iwe fupi: laini yako, nambari fupi, tarehe na kiasi, siku uliyopiga simu na ulichoambiwa. Piga picha zile ujumbe uziambatishe. Ukiwa na mulika mwizi, mtu mwingine akupigie picha ya skrini yake. Mimi hufanya hivyo bure.

Usiende ukijiona mwombaji. Kanuni za kulinda watumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010 zataka mtu akubali kwanza ndipo atumiwe matangazo, si atumiwe halafu ahangaike kujitoa. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, nambari 46 ya mwaka 2012, isiyomlazimu mtu kulipia huduma ambayo hakuiagiza. Nambari hiyo siisahau, ni ya matatu yetu.

Wenye simu za kisasa mna mlango wenu mwingine. Hamjibu maswali ya A na B, lakini mnabonyeza. Tangazo linafunika skrini katikati ya video, kitufe cha kufunga ni kidogo kama punje ya mchele, kidole kinateleza kwenye "Endelea". Ukiwa kwenye data, mtandao washajua laini yako ni ipi, na umeunganishwa. Ukiwa kwenye waifai si rahisi vile, kwa sababu nambari yako haionekani. Kwa hivyo mtoto akitaka kucheza gemu, zima data. Halafu ingia kwenye mipangilio, kwenye programu, kwenye ruhusa, uone ni programu zipi zinaruhusiwa kutuma ujumbe. Tochi haina sababu ya kutuma ujumbe. Iondolee, au uifute kabisa. Hiyo ndiyo kitu pekee nitakachokwambia ufute.

Mzee alirudishiwa bob 40 Jumatatu. Alikuja kunionyesha, na nikamwandikia kwenye kipande cha plasta, nyuma ya simu: USIJIBU. NIPIGIE.

Moja zaidi, kwa sababu wiki hii wamekuja wawili. Umenunua laini mpya, hujampa mtu nambari, na tayari waanza kuletewa ratiba ya kliniki na matokeo ya mpira. Hakuna aliyekuroga. Nambari za simu hutumika tena. Ilikuwa ya mtu, akaiacha, ikauzwa upya, na mara nyingine huduma zake huja nayo. Weka bob 20, lala, angalia asubuhi. Fanya hivyo kabla hujaisajili kwenye chama, kwenye shule ya mtoto na kwa mwenye nyumba, maana kuirudisha dukani ukiwa umeshawapa watu arobaini ni kazi ambayo hata mimi nitakutoza.