Kupiga Picha Anga la Margate

Ufuo mkuu wa Margate, mji mdogo wa pwani ya Kent huko Uingereza, unatazama kaskazini-magharibi. Ndiyo sababu mji ulio upande wa mashariki wa nchi unaweza kukupa jua linalozama baharini. Lakini si mwaka mzima. Mwezi wa Juni jua hutua karibu saa tatu na robo usiku, na hutua majini kabisa. Katikati ya Desemba linatua kabla ya saa kumi jioni, tena kusini-magharibi, nyuma ya nyumba. Anayetaka duara jekundu juu ya maji aende Mei, Juni au Julai. Majira ya baridi yana picha zake, nazo tutazifikia.

Anza na maji kabla ya mawingu. Soma jedwali la kupwa na kujaa, uhakikishe limeandikwa kwa saa gani. Mengi hutumia saa za Greenwich, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza ziko mbele kwa saa moja. Usipoongeza saa hiyo utafika mapema mno. Maji hukawia kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku nzuri ni ile ambayo maji yanaanza kupwa saa moja au mbili kabla ya jua kutua. Hapo mchanga tambarare hubaki umelowa, na anga lote linaonekana mara mbili: juu na miguuni pako.

Kioo hicho hakikai. Wimbi likirudi, mchanga hunywa maji kwa sekunde chache, weusi unageuka kijivu, na picha imekwenda. Shusha kamera hadi sentimita 30 hivi kutoka chini, lenzi pana ya milimita 24, tundu la lenzi f/11, wepesi wa kihisi kwa mwanga ISO 100, shata ikae wazi nusu sekunde. Bonyeza wimbi likianza kurudi, si likija: likija unapata povu tupu, likirudi linachora mistari inayoelekea baharini. Shata ya sekunde 1/250 inagandisha matone na kuua mistari hiyo.

Mchanga uliolowa humeza tripodi. Kandamiza miguu yake mpaka igome, kisha subiri wimbi moja lipite kabla ya kupanga picha. Kila wimbi linachimba kidogo kuzunguka miguu, na kwenye shata ndefu kuzama kwa milimita moja tu kunatosha kuharibu ukali wa picha. Ukiona mnara wa taa ulioko mwisho wa gati umetoka na kingo mbili, sababu ni hiyo, si lenzi. Na vua filta ya polaraiza, ile inayokata mng'ao: ukiizungusha vibaya inafuta kile kioo ulichokifuata, na kwenye lenzi pana inaacha baka jeusi katikati ya anga la buluu.

Kipimo cha mwanga kifuate anga. Wingu lililoungua halirudi, lakini mchanga wenye giza unainuka vizuri ukipiga kwa RAW, faili ghafi la kamera. Punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, kutoka kile kamera inachopendekeza, kisha tazama histogramu, grafu ya mwanga wa picha kutoka giza kushoto hadi weupe kulia. Ikigonga ukuta wa kulia, punguza tena. Rangi ya mwanga (white balance) iweke kwenye alama ya jua, kama 5500K. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itauona wekundu kuwa kosa na kuusafisha.

Sasa mawingu. Anga tupu la buluu, ambalo watalii hulishangilia, ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii. Unachotafuta ni siku ambayo mvua imepita, upepo umegeukia kaskazini-magharibi, hewa imeoshwa na manyunyu yanakuja na kuondoka. Fungua ramani ya mvua ya Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, uangalie magharibi: kukiwa na pengo kwenye upeo wa macho, jua likishuka humo litayamulika mawingu kwa chini. Rangi kali mara nyingi huja dakika 10 hadi 20 baada ya jua kuzama, wakati watu wameshafunga mikoba yao. Usifunge.

Na geuka nyuma. Jua likiwa chini upande wa bahari, mvua ikiwa juu ya mji, upinde wa mvua utasimama mgongoni pako, juu ya paa. Upinde hauonekani ardhini jua likipanda juu ya nyuzi 42. Kiangazi adhuhuri usihangaike nao, lakini Desemba jua la Margate halifiki hata nyuzi 17, kwa hiyo unaweza kuunasa saa yoyote ya mchana. Tembea hadi mwisho wa gati la mawe, Harbour Arm, uutazame mji: nyumba zilizowaka mwanga wa chini mbele ya wingu jeusi kama masizi. Mchoraji Turner, aliyesoma hapa utotoni, alirudi mara nyingi kwa ajili ya mwanga, na jumba la sanaa lenye jina lake, lililofunguliwa mwaka 2011, liko hapo karibu na gati.

Kando ya jumba hilo, kwenye mwamba wa chaki, imesimama sanamu ya chuma ya mtu anayetazama bahari, kazi ya mchongaji Antony Gormley. Maji yakijaa huizamisha, na mwamba una mwani unaoteleza kama sabuni. Ifuate maji yanapopwa tu, na yakianza kupanda uwe umeshaondoka.

Chumvi hufika kwenye lenzi hata usipoiona. Kila kitu kinaonekana kama kimefunikwa na ukungu. Usiipanguse lenzi ikiwa kavu, chembe zitakwaruza kioo. Lowesha kitambaa kwa maji baridi, futa, kisha kausha kwa kingine. Tripodi ikitoka ufuoni, fungua vipande vyote vya miguu, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, uiache wazi usiku kucha. Ukiikunja na mchanga ndani, kufuli zake zitasaga siku ya pili na kugoma ya tatu.